Mchicha wa Mzee Jaku

Mzee Jaku alistaafu ukarani wa forodhani mwaka 1953, akabakiwa na kazi moja tu: kwenda sokoni kila asubuhi. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii ambayo wakubwa zake forodhani hawakuwahi kuiona. Alitoka kwake Mkunazini saa moja, kikapu mkononi, akanunua mchicha Darajani, kisha akaketi barazani na rafiki zake, kina Matar, kunywa kahawa mpaka saa sita. Mtu mwenye kikapu nani atamwita mvivu? Huyo yuko safarini.

Aliyepata tabu ni mkewe, Bi Mize.

"Mchicha huu ushakufa, Baba Wanu," alimwambia siku moja. "Nnapika au nnazika?"

Mzee Jaku akapandwa na hamaki. "Basi ntakulimia hapahapa uani, uchume mwenyewe!"

Usidhani ni wema. Ua wenyewe ulizungukwa na kuta za ghorofa tatu, jua likiingia kwa muda wa saa moja tu na kutoka kama mgeni aliyekosea mlango. Chini sakafu tupu. Mzee alijua hapaoti kitu, na alitaka mkewe ajionee mwenyewe, anyamaze, safari za sokoni ziendelee. Akapanga mawe mpaka usawa wa magoti, akapata matuta mawili, akayajaza udongo na samadi kutoka Bububu, akamwaga mbegu za mchicha. Akanawa mikono, akangoja hasara.

Mchicha ukaota. Kile kivuli alichokitegemea kiliuhifadhi unyevu, na majani yakatoka mapana, laini, hayajui kuungua. Bi Mize akachuma, akapika kwa nazi, akaisifu mikono ya mumewe kwa majirani wote. Mzee alikula kwa huzuni. Tena ulikuwa mtamu, jambo lililomuudhi zaidi.

Asubuhi yake akachukua kikapu.

"Wapi?" akauliza Bi Mize.

"Sokoni."

"Kufuata nini? Mboga imejaa uani, na samaki, yule mchuuzi Ame anatuletea mlangoni."

Akenda barazani mikono mitupu. Matar akamsogezea kikombe kwa upole. "Kaa, mwenzangu. Sasa na wewe umepumzika."

Maneno hayo yalimchoma. Miaka thelathini ya kazi, na leo anapewa pole kama mgonjwa! Kahawa hakuimaliza.

Siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, aliingia uani kwa kunyata, akachuma mchicha, akajaza kikapu, akatoka. Barazani alikiweka mbele ya miguu yake, kila mtu akione, akawalalamikia wachuuzi wa siku hizi kwa kirefu. Kahawa ilishuka vizuri sana.

Saa sita akarudi. Bi Mize akakipokea kikapu, akautazama mchicha ulionyauka, akalitazama tuta lililobaki mashina, kisha akamtazama mumewe, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa na viatu vyake.

"Sokoni kuna mchicha mzuri siku hizi," alisema Bi Mize. "Ila kesho wambie wasikate ule wa upande wa ukutani. Bado mchanga."

"Ntawambia," alijibu Mzee Jaku.