Diski ya Bibi Josephina

Mwanvita Kibwana alikuwa na studio ndogo Morogoro Mjini, akipiga video za harusi, kipaimara na maulidi. Watu walimpenda kwa kuwa hakuwa na maringo, na kazi yake ilitoka siku aliyoahidi. Mwaka 2013 mkulima mmoja wa njegere kutoka Mgeta, Veronika, alimpandisha mlimani amrekodi mama yake, Bibi Josephina, aliyekuwa amevuka miaka tisini.

"Nataka aseme habari za lukolo," Veronika alieleza. "Ukoo wetu, upande wa akina mama. Anayeujua wote amebaki yeye peke yake."

Bibi alikaa barazani, akawataja mabibi tisa mmoja baada ya mwingine: nani alizaliwa wapi, nani alizikwa chini ya mti gani. Mahali pengine alicheka, pengine alifuta macho kwa pindo la khanga. Mwanvita alisahau hata mkono ulivyomuuma kwa kushika kamera.

Aliporudi studio alichukua diski ya kufutika, ile inayoandikwa na kufutwa tena na tena, maana alitaka kuongeza picha baadaye. Kompyuta ikamuuliza: itumike kama flashi, au ichezwe kwenye deki? Alijua fika kwamba deki nyingi za majumbani hazisomi diski iliyofomatiwa kama flashi. Akachagua flashi hivyo hivyo. Nitaigeuza siku ya kuikabidhi, alijiambia. Siku yenyewe ikaangukia Jumamosi ya harusi mbili. Akaitia kwenye bahasha bila kuigeuza, akaandika jina juu ya bahasha, si juu ya diski. Kadi ya kamera alikwishaifuta, na kwenye kompyuta hakubakiza nakala.

Deki ya Veronika iliikataa. Kabla hajapata nafasi ya kushuka nayo mjini, Bibi Josephina akafariki. Baada ya arobaini ndipo Veronika alipofika studio.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Hii diski yako haionyeshi kitu. Nitengenezee, sauti ya mama imo humo."

"Usiwe na wasiwasi. Njoo Alhamisi."

Mwanvita aliitoa kwenye bahasha akaiweka mezani, karibu na nyingine tupu. Wiki hiyo kompyuta yake nzuri ilikuwa kwa fundi, akawa anatumia ya zamani isiyoujua mtindo ule wa kufomati. Jumatano asubuhi, akikimbizana na harusi ya Kihonda, aliokota diski akaitumbukiza. Kompyuta ikasema tupu, ikauliza kama ifomatiwe. Akabonyeza ndiyo. Angeishia hapo, fundi hodari angeweza kuyaokoa yaliyomo. Lakini aliimimina harusi nzima juu yake mpaka diski ikajaa. Ndipo macho yake yakaiona bahasha ya Veronika, haina kitu ndani.

Veronika alipokuja Alhamisi, ulimi wa Mwanvita ulitangulia moyo.

"Ilikuwa imeshakufa, mama. Labda deki yako iliikwaruza."

Veronika alishika mdomo. "Kumbe ni mimi. Niliilazimisha mara tatu."

Mwanvita akamwacha aondoke na neno hilo.

Lilimtafuna mwaka mzima. Mwishowe alipanda Mgeta, akamkuta Veronika shambani anapalilia, akamweleza yote bila kuficha. Veronika aliendelea na jembe kwa muda, kisha akasimama.

"Diski ningekusamehe siku ileile," alisema. "Lakini nimewaambia ndugu zangu ni mimi niliyempoteza mama. Dada yangu mdogo hajaniamkia tangu Pasaka. Hayo nayo utayafuta?"

Mwanvita alitoa daftari, akaomba aandike yale Veronika anayoyakumbuka. Walifika majina sita. La saba Veronika alilianza, likampotea, akatikisa kichwa na kurudi kwenye matuta yake.

Mwanvita alikwenda pia kwa yule dada, akasema kweli mbele ya familia. Dada alianza tena kumwamkia mkubwa wake. Majina matatu hayajapatikana mpaka leo, na wazee waliobaki wanabishana tu.

Siku hizi wateja wa studio huja na flashi na simu, na Mwanvita hamkabidhi mtu kazi kabla hajaiona ikicheza. Akimkuta Veronika sokoni humwamkia, na Veronika huitikia. Humpimia njegere kama anavyompimia mteja mwingine yeyote.