Pikapu ya Mahari Yangu

Nilipoolewa Ikoma, baba yangu aliuza ng'ombe wote wa mahari yangu, akanunua pikapu. Tarime nzima ilishangaa, au tuseme ukoo wetu, ambao hujiona ndio Tarime nzima. Ng'ombe anazaa, gari linazaa nini? Baba akajibu kwamba gari haliugui ndigana, akapanda na kuliwasha. Siku hiyo halikuwaka, lakini hoja yake ilieleweka.

Kwetu baba hazoei kwa mkwe. Akionekana huko kila mara, watu husema amefuata ugali. Baba yangu alikuwa na dawa ya hilo. Kila mwezi aliegesha pikapu mbele ya nyumba yangu, akakataa kiti, akamwambia mume wangu, "Mkwe, mimi sijaja. Nimewaleta ng'ombe wasalimie kwao." Kisha akala akiwa amesimama, sahani mbili.

Safari moja hakufika. Pale Mbalibali, njiani, aliligonga trela lililoegeshwa kando ya barabara. Alitoka salama, kidevu tu kimechubuka, akasisitiza kwamba trela lilimrudia kinyumenyume. Trela lenyewe halikuwa hata na trekta.

Nilipofika na mume wangu gereji kule Bomani, Tarime, ilikovutwa, pua ya pikapu ilikuwa imeingia tumboni. Fundi alikwisha kuikagua.

"Mzee, hii ni ya kuchinja tu," akamwambia baba. "Tunaifungua, tunauza spea, unaongezea kidogo unachukua nyingine."

Mume wangu akaafiki. Hata mimi, nilipoona jinsi usukani ulivyosogelea kiti chake, nilitaka gari lile lichinjwe mbele ya macho yangu. Niliogopa sana.

Baba hakubishana. Alitoa simu akampigia kaka yake mkubwa. "Wanataka kumchinja ng'ombe wa mahari ya binti yangu. Njoo na wenzako."

Mchana wakafika wazee watatu na visu. Mmoja alibeba sufuria, mwingine chumvi yake mwenyewe. Tuliwaamkia shikamoo, wakaitikia huku macho yakizunguka gereji.

"Mura, ng'ombe yuko wapi?" baba mkubwa akamuuliza yule kijana fundi.

Fundi akanyoosha spana kuelekea pikapu. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Baba mkubwa hakucheka. Tangu asubuhi hakuwa amekunywa hata chai, alikuwa akitunza nafasi.

Wakaketi juu ya matairi machakavu kuamua shauri, na njaa iliwafanya wakali.

"Chinja, ununue lingine," baba mkubwa akasema.

"Hilo lingine litakuwa gari langu," baba akajibu.

"Si ndiyo vizuri?"

"Na Ikoma nitakwenda na gari langu? Niseme nimefuata nini?"

Kicheko kiliniisha. Miaka yote ile nilidhani ng'ombe wa kusalimia kwao ni utani wake tu.

"Tata," nikamwambia baba, "si useme umekuja kuniona?"

"Aibu hiyo," akasema, akiikagua taa iliyovunjika kana kwamba hajawahi kuona taa.

Nikamgeukia fundi nikamwambia atengeneze, aanze na breki. Akasema boneti ya bluu hana, anayo nyeupe. Baba mkubwa, ambaye mume wangu alikwisha kumwagizia nyama choma mapema kuokoa heshima ya ukoo, akatamka huku akitafuna kwamba ng'ombe mwenye baka hapotei machungani. Shauri likaisha.

Baada ya matengenezo nilisikia honi nje ya nyumba yangu Ikoma, nikatoka mbio. Baba alikuwa amesimama kando ya boneti nyeupe, suruali imejaa vumbi.

"Mkwe, mimi sijaja," akaanza.

"Najua," mume wangu akasema. Akaleta kiti, akakiweka karibu kabisa na pikapu. "Lakini ng'ombe wametoka mbali. Aliyewaswaga akae kidogo, wapumzike."

Baba akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, akakaa.