Sikio Moja Libaki Shambani

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: ndivyo anavyofundishwa kila mtoto wa Butembo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa Mama Kyakimwa methali hiyo imepinduka. Kwake, anayesikiliza kwa masikio yote mawili ndiye huvunjika guu, na kama ni guu tu, basi siku hiyo ilikuwa ya bahati.

Ni Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu bado umelalia mabati na pikipiki za kwanza zinakohoa mteremkoni. Nje ya Redio Kilimani, redio ya jamii yenye vyumba viwili na mnara mmoja, wanawake kumi na saba wamejipanga ukutani. Kila mmoja ana jembe lililofungwa kwa kipande cha kitenge na simu ndogo mkononi.

Hawa walikimbia vijiji vya Mabalako kwa sababu ya watu wenye silaha. Butembo wamepata paa, lakini chakula kimebaki kule kwenye kakao yao. Leo wanateremka kwa wiki nzima. Jumamosi, Mungu akipenda, watapanda tena.

Kyakimwa, mtayarishaji wa vipindi mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amekaa mlangoni kwenye kigoda. Kompyuta iko mapajani, mkasi mdogo wa kucha kando ya goti. Anapokea simu, anachomoa kadi ya kumbukumbu, anaijaza vipindi vya wiki. Vijana wa mjini huviita podikasti. Kwenye mstari huu vinaitwa "ile ya mu kadi".

Haulizi mtu anapenda nini. Anauliza anaenda kufanya nini.

"Kuvuna," anasema wa kwanza.

"Muko wangapi?"

"Tuko munane."

"Munane ni muzuri. Chukua ya mupishi wa Lubero. Mikono inajua kuvuna yenyewe, kichwa inaweza kutembea kidogo."

Wa pili anakwenda kupalilia, yeye na dada yake tu. "Nipe ya kuchekesha, Mama Kya."

"Ya kuchekesha hapana. Mutu anainama, anacheka, atasikia nini? Weye nakupa kwaya."

"Kwaya tena? Ile kwaya yenu inaimba sawa batu benye njaa!"

Mstari mzima unaangua kicheko. Kyakimwa hacheki. "Waliimba mbele ya kula," anasema. "Ndiyo maana iko polepole. Polepole ndiyo nataka."

Ndivyo anavyopendekeza, kama muuguzi anayetoa dawa: hii ya kumenya mihogo, hii ya foleni ya maji, hii ya kungoja mvua ipite. Simulizi ya mkunga mzee inafaa kwa kutwanga. Mchezo wa Kasonia, fundi cherehani anayemchumbia mwalimu huku akimshonea magauni yasiyomtosha, ni wa jioni tu, mlango ukiwa umefungwa. Taarifa ya habari haiweki kabisa kwenye kadi.

"Habari banayo tayari," anasema. "Banayo mu miguu."

Kisha unakuja mkasi. Kyakimwa anaomba ekuteri, vile visikilizio vya kuchomeka masikioni, anaunyoosha waya na kukata upande wa kushoto. Kacha. Kipande kinaangukia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Eh, mama! Iko mupya!" analia mwanamke aliyefika juzi tu.

"Ndiyo maana nakata sasa, mbele haijakuzoea."

"Acha akate, mudogo wangu," anasema aliye nyuma yake. "Sikio moja ya Kasonia, sikio moja ya shamba."

Mkasi huo ndio uliomtia matatani. Saa mbili kamili asubuhi hii Kyakimwa anatakiwa aingie hewani, aseme mbele ya mji mzima kwamba amekosa. Asiposema, jenereta ya redio huenda isipate mafuta tena, na bila jenereta hakuna kurekodi, wala kadi, wala mstari wa Jumatatu.

Anayengoja msamaha ni Stanislas, ambaye mji humwita Tata, yaani baba, mfanyabiashara wa vyombo vya umeme. Ndiye anayetoa mafuta. Ndiye aliyeleta pia katoni mbili za ekuteri kwa ajili ya waliohama makwao, mpya, zenye sauti nzito ya kupendeza. Wiki mbili baadaye alikutana sokoni na mwanamke amevaa zawadi yake, waya mmoja ukining'inia mtupu kama mkia wa panya.

"Nilitoa kitu kizima, yeye anagawa nusu," analalamika, na hasira yake haikosi sababu. "Sasa batu banasema Stanislas anagawa bidhaa ya kuharibika. Mimi miaka makumi mawili niko nauza, hakuna mutu alirudisha kitu!"

Ananie, mkurugenzi wa redio, amekuja kumbembeleza Kyakimwa mara tatu tangu alfajiri. Sasa anakuja mara ya nne, kofia mkononi.

"Yaya, dada yangu mukubwa, ni neno moja tu. Pardon. Hata mutoto mudogo wa maternelle anajua kuisema."

"Basi tumutume huyo mutoto."

"Yaya!"

"Nimesikia, Ananie. Nimekusikia na hii ya kuume."

Kyakimwa alizaliwa Mulekera, Beni, mtoto wa katekista aliyekuwa na redio moja kwa majirani wa nyumba sita. Kila jioni watoto waligombea nafasi ya kushika antena. Alisomea ualimu, akaja Butembo kumtafuta shangazi, akaajiriwa redioni kusoma matangazo ya mbuzi waliopotea. Leo mshahara wake ni dola themanini, kwa mwezi ambao mshahara unakumbuka kuja.

Kwa miaka tisa alifunga kila kipindi kwa maneno yale yale: "Weka masikio yote mbili!" Yalimpa jina. Watoto wa barabarani walimsalimia kwa kuyapaza, nao madereva wa pikipiki waliyaandika kwenye matope ya nyuma ya pikipiki zao. Aliyapenda kama mtu anavyopenda nguo iliyomkaa.

Hayasemi tena.

Gracieuse, mwenye miaka ishirini na saba, yuko kwenye mstari wa leo, wa mwisho kabisa kama kawaida yake. Miaka miwili iliyopita alikuwa akipalilia karibu na Mabalako pamoja na wanawake wanne na mama mkwe wake, Tamar, aliyekuwa na miaka sitini na mitatu. Ekuteri zilikuwa masikioni mwake, zote mbili, kama redio ilivyoagiza. Kasonia alikuwa amemletea mwalimu gauni la tatu.

"Nilikuwa nacheka," anasimulia Gracieuse. "Benzangu balipiga majembe. Ile ndiyo alama yetu, ukisikia chuma juu ya chuma, kimbia. Mimi nilizani ni ndani ya mchezo. Nilizani ni cherehani ya Kasonia."

Wenzake walikuwa wamefika kijitoni. Tamar akahesabu vichwa, akaona kimoja kimepungua, akageuka. Alimkuta mkazamwana wake ameinama palepale, mabega yakitikisika kwa kicheko. Akamvuta kwa kitenge.

"Tulikimbia. Kufika ku maji akanitia mbele. Alisema neno moja: tangulia." Gracieuse anakaza fundo la kitenge kwenye jembe lake. "Nilitangulia."

Risasi ilimpata Tamar kwenye maji. Hakufika kwenye kituo cha afya.

Habari ilipanda Butembo kesho yake, na Kyakimwa hakumwomba mtu ruhusa. Alikodi pikipiki. Dereva wa kwanza alikataa kwenda Mabalako, wa pili akakataa, wa tatu akamwuliza kama ana wazimu, kisha akawasha. Alifika matangani mchana, nywele nyekundu kwa vumbi. Akapiga magoti mbele ya Mzee Zacharie, mume wa Tamar, mbele ya watu wote.

"Tata, ni mimi nilimwambia bibi ya mutoto wako aweke masikio yote mbili. Ni mdomo yangu. Munisamehe."

Zacharie alikuwa ameketi kwenye gogo, fimbo kati ya magoti. Wanawake jikoni wakaacha kutwanga. Akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Ile fundi," alisema. "Alimuoa ule mwalimu?"

"Alimuoa, tata."

"Bibi yangu alikuwa nauliza kila siku. Na gauni? Ilimutosha?"

Sehemu ya mwisho ilikuwa bado haijarushwa. Maandishi yalikuwa tayari mezani Butembo, na ndani yake gauni la harusi lilipasuka mgongoni mbele ya padri, ili watu wacheke. Kyakimwa aliibadilisha hadithi palepale, akiwa bado amepiga magoti.

"Ilimutosha, tata. Ilimukaa sana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuupeleka kwa mwenyewe. "Simama, binti yangu," akasema.

Aliporudi alirekodi upya mwisho wa mchezo. Wiki ile ile Gracieuse alimletea ekuteri zake, hataki kuziona tena. Kyakimwa akachukua mkasi wa kucha, akakata upande mmoja, akazirudisha kiganjani mwake na kumkunja vidole juu yazo. Zilikuwa za kwanza. Kwa hesabu ya Ijumaa iliyopita, ni mia tatu na kumi na mbili.

Saa mbili kasoro dakika tano. Ukungu haujainuka, pikipiki za Mabalako bado zinangoja. Wanawake wameketi kwenye ngazi za redio, simu mapajani, kila mmoja na sikio moja limejaa na lingine wazi. Kwa leo wamefungua matangazo ya moja kwa moja.

Studioni Tata Stanislas amekaa wima katika koti lake la Jumapili. Upande wa pili wa kioo Ananie ameshika kofia kifuani. Taa nyekundu inawaka.

Kyakimwa anasalimia mji. Anamtaja mgeni wake kwa heshima, anataja mafuta, anataja katoni mbili. Kisha badala ya kuendelea anafungua droo na kutoa ekuteri nzima, moja ya zile zile, bado imo kwenye mfuko wake.

"Tata Stanislas, bidhaa yako iko muzuri. Nataka usikie mwenyewe."

Mgeni hana shida na hilo. Anachomeka kushoto, anachomeka kulia. Kyakimwa anamwekea Kasonia, siku ya gauni la kwanza. Uso wa Stanislas unalegea polepole. Mabega yanaanza kucheza. Huyu ni mtu anayependa kucheka, kumbe, ila hakuwa na nafasi.

Mlango nyuma yake unafunguka. Gracieuse anasimama kizingitini na jembe lake.

"Tata Stanislas!" anaita.

Stanislas anacheka.

"Tata Stanislas!"

Anapangusa jicho kwa kidole. Gracieuse anachukua jembe la mwenzake aliye nyuma yake, anagonganisha chuma na chuma, mara moja, kwa nguvu. Ananie anaruka. Kwenye nyumba za Butembo mlio huo umeingia hewani. Stanislas anaendelea kuitabasamia meza.

Anapovua ekuteri, anakuta macho yote kwake. "Kuko nini? Munaniangalia nini?"

"Tulikuita, tata," anasema Kyakimwa. "Mara mbili kwa jina. Mara ya tatu kwa jembe."

Stanislas anageuka. Anamwona yule mwanamke mlangoni, chuma katika mikono yote miwili. Hadithi ya Tamar anaijua, kama mji mzima unavyoijua. Hakujua ni huyu.

Ananie anachora duara hewani kwa kidole: zungumzeni, zungumzeni.

"Ungeniuliza kwanza," anasema Stanislas hatimaye. Sauti imeshuka, lakini haijakwisha. "Kitu ilikuwa na jina yangu juu yake."

"Ni kweli. Ningekuuliza."

"Donc? Sasa je?"

Kyakimwa anainama, anatoa kopo la maziwa chini ya meza. Ndani mna vipande vya kushoto, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi yenye jina la mwenye nacho. Anafungua kimoja, anakisoma kwenye kipaza sauti. Anafungua kingine. Cha Gracieuse kiko chini kabisa, karatasi imeshakuwa ya manjano.

Fundi wa simu aitwaye Kambere amemhakikishia kwamba waya huo unaungika. Risasi kidogo ya kulehemu, dakika tano kwa kila kimoja. Mpango wa Kyakimwa ni huo, na hana mwingine: siku wanawake hawa watakapolala wiki nzima kwenye nyumba zao Mabalako bila kupiga jembe kwa jembe, atateremka na Kambere na kopo. Watakaa chini ya mkakao, wataunga moja baada ya nyingine, akiita majina. Ndipo atakaporudia yale maneno yake ya zamani.

"Sikutupa hata moja," anasema. "Nimeziweka tu."

Stanislas anaichezea ekuteri vidoleni, anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Anaiweka mezani, karibu na mkasi.

"Mafuta ni yangu, mama," anasema.

"Ni yako, tata."

"Na batu banatusikiliza. Mimi bado niko nangoja ile pardon."

"Pardon nilikuwa nayo moja. Niliipeleka Mabalako na magoti yangu, benyewe baliipokea."

"Hata ndogo?"

"Hapana."