Chuma Kilichomlaza Mume Wangu Karakana

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu, mume wangu alihama nyumbani kwa ajili ya chuma. Angehamia kwa mwanamke ningejua la kufanya, maana wanawake wa kwetu Kitandililo hilo tumefundishwa na mashangazi. Kuhusu chuma hakuna shangazi aliyenifundisha lolote.

Tulikaa nje kidogo ya Njombe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha miwati. Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Kiwanda kilichemsha magome ya miti hiyo ya miwati kutoa dawa ya kutengenezea ngozi, dawa ikapakiwa kwenye malori, ikapitia Makambako, ikaenda huko ilikokwenda. Walituambia kwamba inatengeneza viatu. Viatu vyenyewe havikurudi. Waliovaa viatu kwetu walikuwa mchungaji, mwalimu, na mume wangu, ambaye kiwanda kilimpa buti ili asiungue miguu.

Magome yalichemshwa kwa mvuke wa boila, na boila ilikula kuni na makapi ya magome mchana na usiku. Makapi yalikuwa na mchanga. Mchanga na majivu vikiungua pamoja hushikana vikawa mabonge magumu kama tofali, na mabonge yasipovutwa nje moto hukosa hewa. Kilichotumika kuyavuta tulikiita jembe la majivu, yaani mpini mrefu wa chuma wenye kichwa kama cha jembe la kulimia. Kichwa kilikaa motoni mpaka kikawa chekundu, kikasuguana na mchanga, kikatolewa, kikarudishwa. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimelika kama mwiko wa bibi kizee. Vichwa vipya viliagizwa Ulaya. Vilikuja kwa meli, kwa treni, kisha kwa lori, na vilipofika havikuenea kwenye mpini.

Bwana Injinia, Mzungu mrefu aliyesema polepole na kula viazi kuliko sisi wenyewe, akamwambia mume wangu atengeneze kichwa hapo hapo karakana. Alimchagua yeye kwa sababu alikuwa fundi wa kumimina vyuma, na kwa sababu alikuwa Mkinga wa upande wa Bulongwa, mtoto wa mhunzi na mjukuu wa mhunzi. Bwana Injinia aliamini kwamba mambo hayo yamo kwenye damu. Hakujua ni mambo mangapi yamo.

Shauri lenyewe mume wangu alinieleza nikipika, na naliandika kama nilivyolielewa. Kuna chuma cha kumimina, ambacho ni rahisi lakini hulika. Na kuna vipande vya ncha za mashine ya kukerezea, ambavyo havilainiki hata vikiwa vyekundu, lakini ni ghali na kikiwa peke yake kila kimoja hakifai kitu. Unazivunja zile ncha kuukuu, unazipanga kwenye kalibu ya mchanga, unamimina chuma juu yake. Chuma kinazishika, nazo zinapokea msuguano.

"Ni kande," nikamwambia. Mahindi peke yake hayakai tumboni, maharage peke yake hayatoshi sufuria.

Akafikiri. "Ni kande," akakubali. Kwa siku kadhaa alinipenda sana kwa neno hilo.

Kichwa cha kwanza hakikufaa. Vile vipande ni vizito kidogo kuliko chuma, vikazama chini ya kalibu, na chini ndiko kulikokuwa mgongo wa jembe. Tukapata jembe lisilolika mgongoni. Mume wangu akageuza kalibu.

Kichwa cha pili kilitoka kizuri, kikapelekwa kwenye boila mbele ya wachochea moto wote, kikaingia motoni, kikatoa mlio mmoja, kikapasuka katikati. Mchochea moto mmoja alimwambia, kwa heshima zote, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mume wangu alirudi nyumbani akakaa akiangalia ugali mpaka ukapoa.

Jumapili ile akaja baba yake mkubwa kutusalimia, mzee aliyewahi kuvukuta mivukuto zamani, kabla majembe ya dukani hayajawafukuza wahunzi. Akasikiliza habari yote ya kupasuka. Akauliza swali moja.

"Kabla ya kumimina ulilala wapi?"

"Nyumbani, Baba."

"Basi," akasema mzee, akaomba chai.

Mimi nilikuwa nimebeba birika, kwa hiyo nilisikia yaliyofuata. Kwao, mhunzi mwenye chuma motoni halali na mkewe, tangu siku anapoanza kupanga kazi mpaka chuma kitakapothibitika. Akilala naye, chuma kinaona wivu na kupasuka. Mume wangu akamjibu vizuri kwamba hayo ni ya kale, kwamba yeye amebatizwa, amepata kipaimara, na anaimba besi. Mzee akasema mwacha asili ni mtumwa, akanywa chai yake, akaondoka.

Jumatatu mume wangu akakunja mkeka na blanketi. Akasema anakwenda kulala karakana kulinda kalibu zisichimbwe na panya. Nimeishi na panya maisha yangu yote na sijamwona anayetafuta mchanga.

Alikuja kula mchana na jioni, akasifu chakula, akarudi kwa chuma chake. Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Nikimwambia mchungaji, nitakuwa nimemshtaki mume wangu kwa ushirikina. Nikiwaambia majirani, watacheka mpaka mavuno.

Tena palikuwa na mama mkwe. Alikaa nasi, mjane, mwanamke safi, mchapakazi, ambaye hakuwahi kunitukana. Aliniangalia tu nikiinama kuchota maji. Mwaka wa tatu nilikuwa bado naitwa bibi harusi, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kuniita mama yake. Mwezi ule akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tukishavuna viazi wazee watakaa." Nilijua maana yake. Kanisa lilikataza mke wa pili, kwa hiyo kama walitaka wajukuu palikuwa na njia moja, nayo ni mimi kurudi Kitandililo na sanduku langu, baada ya sala ya kufungua na sala ya kufunga.

Kuhusu mwanawe kulala karakana alijua kwamba ni zamu. Nilipojaribu kumwambia kwamba zamu zimekuwa nyingi, akanijibu, "Wachochea moto wana zamu, na kila mmoja ana watoto saba." Mkwe hawezi kumfafanulia mama mkwe zaidi ya hapo. Miaka miwili ya kwanza sina maelezo yake. Lakini ya huu wa tatu nilikuwa nayo, nikayameza.

Kichwa cha tatu kilimiminwa baada ya miezi kadhaa ya kungoja ncha kuukuu za kutosha, na safari hii mume wangu alikifukia kwenye majivu ya moto kipoe polepole, siku mbili nzima, kwa sababu Bwana Injinia alikuwa amemwonya kwamba chuma kikipoa haraka hupasuka. Kikaingia kwenye boila, kikanyamaza. Wiki ya kwanza kikavuta mabonge. Ya pili pia. Ya tatu, wakati vile vya Ulaya vingekuwa vimeshatupwa, hiki kilikuwa bado na makali.

Kila Jumamosi adhuhuri kilitolewa, kikapoa, kikapimwa. Bwana Injinia alikuwa na kipimo kidogo cha kuzungusha kinachobana chuma na kusoma hata unene wa unywele. Mimi nilipeleka chakula saa hizo, nikasimama mlangoni na kikapu. Jumamosi ya tatu akapima, akaandika kwenye daftari, akapima tena. Alifurahi. Kwake furaha ilikuwa ni kuvua kofia.

"Cha pili pasuka, cha tatu hapana," akasema. "Wewe badilisha nini?"

"Nimekipooza ndani ya majivu, Bwana."

"Iko nyingine?"

Mume wangu akaangalia buti zake. "Hakuna, Bwana."

"Vizuri. Siku zote badilisha kitu moja tu. Kama badilisha mbili, hapana jua ipi nasaidia."

Akavaa kofia, akaenda kula. Mimi nikabaki na kikapu. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini maneno yale yaliniingia kama yameandikwa kwa ajili yangu. Nikamvuta mume wangu mpaka nyuma ya lundo la kuni.

"Umemdanganya Bwana," nikamwambia. "Umebadilisha vitu viwili."

"Vipi?"

"Majivu, na mimi."

Nikamwambia amimine cha nne. Mchanga ule ule, vipande vile vile, majivu siku mbili, kila kitu kama cha tatu, ila yeye alale nyumbani kwake tangu leo mpaka kazi iishe.

"Na kikipasuka?"

"Kikipasuka nitarudi kwetu mwenyewe, wazee wasisumbuke kukaa."

Nilisema hivyo kwa hasira, na nilipomaliza kusema nikajua kwamba nimesema kweli. Nilikuwa nimechoka kungoja kuhukumiwa na watu. Afadhali chuma, hakina ndugu.

Sidhani kama mume mwingine angekubali. Lakini huyu alikuwa fundi, na ukimwonyesha fundi kazi isiyopimwa sawasawa atakosa usingizi popote atakapolala. Jioni ile akarudi na mkeka wake kwapani. Mama mkwe akamwuliza kama zamu zimekwisha. Akasema zimebadilishwa.

Wiki ile tulikaa kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja, kisha tukazoeana. Alhamisi akamimina, akafukia. Jumatatu asubuhi nikavaa kitenge changu kizuri, nikakunja nguo nyingine zote nikazitia sandukuni pamoja na vyombo vyangu, nikaenda kusimama kwenye boila pamoja na wachochea moto. Waliniangalia kwa mshangao lakini walikuwa na adabu.

Niliogopa. Mpaka leo nikisikia mlango wa jiko la chuma ukifunguliwa naacha ninachofanya. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya jembe la majivu, na nakiri kwamba katika kitabu cha sala sikupata sala ya namna hiyo, nikatumia ile ya wasafiri.

Mume wangu akashika mpini mwenyewe. Kichwa kikaingia, kikaanza kuwa cheusi-chekundu, kisha chekundu, kisha rangi ya boga. Akavuta bonge la kwanza, likaja. Akavuta la pili. Mchochea moto mmoja akasema, "Haya, sasa tuachie kazi," akampokea mpini. Mume wangu alikuja akasimama karibu nami, akitokwa jasho, na hakuweza kunitazama. Nikamwambia chakula kitachelewa kidogo leo kwa kuwa vyombo nimevifungia sandukuni.

Kikapimwa Jumamosi nne. Bwana Injinia akalinganisha na cha tatu, akasema ni sawasawa kabisa, akauliza kwa nini basi tumetengeneza viwili vinavyofanana. Mume wangu akamjibu kwamba alitaka uhakika. Bwana Injinia akavua kofia.

Viazi vikavunwa, na wazee wakakaa. Walikuwapo baba mkubwa, mama mkwe, na mzee mmoja wa kanisa kwa ajili ya sala. Mimi nilikaa mkekani karibu na mlango. Baada ya sala, kabla mama mkwe hajaanza, mume wangu akasimama. Alikuwa mtu asiyesema mbele za watu. Hata kwenye kwaya alijificha nyuma ya warefu.

"Mama," akasema, "mke wangu asihukumiwe. Mwaka huu mimi sikuwa nalala nyumbani. Hapakuwa na zamu. Nilifuata miiko ya chuma, na nilikudanganya wewe, na kanisa nililidanganya."

Mzee wa kanisa akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anatafuta adhabu. Baadaye walimtoa kwenye kwaya miezi mitatu, akasikitika kweli. Baba mkubwa yeye alitaka kujua jambo moja.

"Na ulipovunja mwiko, kilipasuka?"

"Hakikupasuka, Baba. Kipo boilani, kinafanya kazi."

"Vipande vyenyewe vya Ulaya," akasema mzee. "Havitujui."

Wakatupa mwaka mmoja. Ilikuwa haki, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeutaja. Jioni hiyo alinisaidia kumenya viazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ningependa kuandika kwamba mtoto akaja. Hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Mume wangu alilala nyumbani kila siku ya Mungu, na hakuna kingine tulichobadilisha. Kwa kanuni ya Bwana Injinia jibu lilikuwa limepatikana, kwamba karakana haikuwa sababu. Tulilijua wote wawili, na mara moja tulililia pamoja shambani tukipalilia viazi, kisha tukamaliza tuta.

Mwaka wa wazee ulipokwisha, mama mkwe alimwita mwanawe uani. Mimi nilikuwa ndani nachambua maharage, na dirisha lilikuwa wazi. Akamwuliza imekuwaje, maana mwaka umefika.

"Bado tunapima, Mama," akasema mume wangu.

Mama mkwe alikuwa mama wa fundi, alijua kwamba kazi za mwanawe hazina haraka. Akarudi kwenye kazi zake. Mwaka uliofuata akauliza tena, akajibiwa vile vile, na mwaka wa mbele yake. Alijibiwa hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka tulipomzika.