Jiwe la Mama Ndani ya Shanta

Kanuni ya kwanza ya safari zetu za pangoni ilikuwa hii: hakuna anayebeba shanta lake mwenyewe. Tuliiweka baada ya mwenzetu mrefu, mtoto wa mwinjilisti, kumaliza karanga zote peke yake gizani, huku akituapia kwamba alikuwa anatafuna ulimi wake. Tangu siku hiyo kila mmoja alifungasha kwao, na tukifika mlangoni mwa pango tunabadilishana. Chakula chako kilikuwa mgongoni mwa mwenzako na chake mgongoni mwako, kwa hiyo wote tulikuwa waaminifu kwa lazima.

Hatukujua kwamba kanuni hiyo ingezaa ushenzi. Ukijua kuwa mzigo unaoufunga ataubeba mtu mwingine, mkono unakuwasha. Mrefu alijaza shanta lake senene wazima, nami nilipolifungua ndani kutafuta ndizi ya kuchoma, wakanirukia usoni wote kwa pamoja. Nilipiga mayowe hadi popo wakahama upande ule. Jumapili iliyofuata mwenzetu wa tatu alisubiri nimekaa chini kupumzika, akafunga mkanda wa shanta nililobeba kwenye mzizi. Nilipoinuka nilirudi chini chali, miguu juu. Walicheka mpaka mrefu akashikwa na kwikwi.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, huko Bugomora, wakati Kyerwa bado ni sehemu ya Karagwe. Tulikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, na Jumapili baada ya ibada hapakuwa na la kufanya ila kutazama kahawa ikikauka. Pango lilikuwa kilimani, juu ya shamba letu. Tulikwenda na tochi moja ambayo betri zake zilinunuliwa Omurushaka na kuanikwa juani kila wiki ili zipate nguvu.

Huyo mwenzetu wa tatu alikuwa mtoto wa kibarua wetu. Wazazi wake walitoka Rwanda kabla hajazaliwa, na baba yangu aliwapa kona ya shamba wajenge, chini kabisa, migomba inakoishia. Baba akisema wahame, wanahama, na kila mtu alilijua hilo. Walichuma kahawa yetu, na kanisani tulikaa nao benchi moja. Mimi niliona hilo la benchi moja linatosha. Shanta langu lilikuwa la turubai nzito, la jeshi, aliloniletea mjomba alipotoka vitani. Lake alilishona mama yake kwa gunia la kahawa, mikanda yake ikiwa mpira wa baiskeli. Mara nyingi shanta langu lilimwangukia yeye, na nilipenda kusema ni bahati. Haikuwa bahati. Nilikuwa namkabidhi mapema, kabla mrefu hajafika.

Jumapili ninayoikumbuka, niliamua kulipiza yale ya mzizi. Nyuma ya jiko palikuwa na jiwe la mama la kusagia ulezi, lile la juu linaloshikwa kwa mikono miwili. Alirithishwa na bibi. Ni jiwe zito, lenye umbo la mkate, na limelainika kwa mikono ya wanawake wa ukoo mzima. Nikaona hilo ndilo hasa. Ili lienee nilitoa mishumaa miwili na kiberiti, nikaviacha juu ya kitanda, nikalifunika jiwe kwa majani makavu ya mgomba. Mzaha mzaha hutunga usaha, na mimi nilikuwa nimeusikia msemo huo mara elfu. Nililibeba shanta mwenyewe hadi mlangoni, nikitembea kama mtu asiyebeba kitu, kisha nikamkabidhi.

Alilivaa, akalirekebisha kidogo mabegani, akaniangalia.

Kulikuwa na sehemu tuliyoiita Koo. Ni tundu refu na jembamba kati ya chumba cha mbele na cha nyuma, unapita kwa tumbo na huwezi kugeuka. Shanta hulivai humo. Unalifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mguu na kulivuta nyuma yako. Fundo lilikuwa la kuvutika, na mkia wake mrefu ulishikwa na anayefuata nyuma, ili shanta likikwama auvute, fundo lifunguke, na aliye mbele awe huru. Tulijivunia mbinu hiyo kuliko masomo yetu yote.

Wakati wa kwenda Koo huteremka, shanta hufuata lenyewe. Wakati wa kurudi ni kupanda. Mrefu alitangulia na tochi na shanta la gunia, akatoka upande wa pili. Akafuata mwenzangu akivuta shanta langu. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikivuta la mrefu, kichwa changu kikiligusa langu, mkia wa kamba yake mkononi.

Katikati ya Koo shanta lilisimama. Nilisikia jiwe likijipindua ndani ya turubai na kujibana kati ya mwamba wa juu na wa chini. Akavuta kwa mguu. Mimi nikasukuma kwa kichwa. Halikusogea hata unywele.

"Limekwama," alisema.

Tukamwita mrefu. Tulisikia akicheka huko nje. Kwa jinsi tulivyokuwa tumedanganyana miezi yote ile, ningekuwa yeye nisingeamini pia. "Leo hamnipati," alijibu, kisha akazima tochi ili kutukomesha, na tukasikia anamenya ndizi.

Nimewahi kuulizwa giza la ndani ya mwamba likoje. Sijui kulieleza. Ninachokumbuka ni kifua changu: nikivuta pumzi mgongo unagusa juu, nikiitoa natamani kuvuta nyingine haraka. Nyuma yangu palikuwa na chumba kisicho na njia. Mbele yangu palikuwa na shanta langu mwenyewe.

"Vuta mkia," alisema mwenzangu. "Nitoke, nimlete huyo mjinga na tochi."

Mkia ulikuwa mkononi. Nilikuwa nimeuzungusha kwenye vidole mara mbili. Nikafikiri: nikiuvuta, yeye anaondoka, na mimi ninabaki nimezibwa kama pombe ndani ya kibuyu. Akichelewa je? Akikasirika je, akaenda zake? Sikuvuta. Nilimwambia kamba imeniponyoka na ninaitafuta.

Nilimdanganya mtu aliyefungwa mguu kwa mzigo wangu. Nimefanya mabaya mengine maishani, na mengine yaliumiza watu zaidi. Ila hili ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Nikamsikia anahema kwa shida. Mguu wake ulikuwa umeanza kufa ganzi. Halafu akasema, bila hasira, "Ni jiwe la mama yako, au siyo?"

Niliona aibu hata kwenye giza lile. Nikamuuliza alijuaje.

"Lilinigonga kiunoni tangu mlangoni. Nimelisagia ulezi wa kwenu mara ngapi? Nalijua kwa umbo."

"Sasa mbona hukulitoa?"

"Ningeliacha wapi? Jiwe la kwenu likipotea, ataulizwa nani?"

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Msimu uliopita panga letu lilipotea, na kibarua mmoja, mwenye watoto wanne, alifukuzwa kwa ajili yake. Mvua zilipokuja tuliliona panga kwenye mibuni, pale baba alipoliweka. Hakuna aliyetumwa kumrudisha yule mtu. Mimi niliona ni habari za wakubwa. Mwenzangu alikuwa amekaa nayo moyoni mwaka mzima, na leo alikuwa ametambaa pango zima akilinda jiwe ili nyumba yao ibaki pale ilipo.

Nikavuta mkia. Fundo likaachia, nikasikia magoti yake yakikwaruza mwamba kuelekea nje, kisha nikabaki peke yangu.

Nililia. Sikupiga kelele, nililia tu, pua kwenye turubai. Niliomba Mungu kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyambo, kwa sababu ya pili ndiyo lugha ya mama. Sijui muda gani ulipita. Baadaye mwanga ulionekana pembeni mwa shanta, mwembamba sana, na sauti ya mwenzangu ikaniambia nirudi nyuma kidogo. Alikuwa ameingia tena kichwa mbele, mrefu akimshika miguu. Alifungua mdomo wa shanta, akachomoa majani, akalizungusha jiwe polepole mpaka likakubali kutoka. Jiwe lilitangulia, mimi nikafuata. Sijui hadi leo alirudi kwa ajili ya jiwe au kwa ajili yangu.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mrefu aliomba radhi mara nyingi, kisha akashika njia ya kwao. Mwenzangu alilifuta jiwe tope kwa shati lake na kulitia ndani ya shanta lake la gunia. Nilimwomba nilibebe. "Acha tu," alisema. Nikamfuata nyuma mikono mitupu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Tulichelewa. Mama alikuwa uani, ungo wa ulezi magotini, amekwisha kulitafuta jiwe kila mahali. Alikuwa ameshamwita na mama wa mwenzangu. Yule mama alisimama pembeni ya jiko, mikono ameifumbata kifuani, akitazama chini.

"Shikamoo, mama," alisema mwenzangu. Akapiga magoti, akalitoa jiwe kwenye gunia, akaliweka mbele ya mama yangu kwa mikono miwili. "Unisamehe. Nililichukua kuchezea."

Nilikuwa sijafungua mdomo bado. Mama yake alikuja hatua tatu akampiga kofi moja shavuni, hapo hapo, ili mama yangu aone.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nililichukua."

Mama alinitazama kwa upole ambao sijausahau. Akanifuta tope kwenye paji la uso kwa ncha ya kanga yake. "Una moyo mzuri, mwana wange," alisema. "Lakini mwizi hatetewi."

Nikarudia kwamba ni mimi. Nikaeleza habari za shanta na mishumaa, na kwamba iko juu ya kitanda aende akaone. Nilipomaliza, mwenzangu na mama yake walikuwa tayari wanateremka kwenye migomba kuelekea kwao, yeye akichechemea. Mama aliniambia inatosha, nikanawe, uji ungechelewa.