Waliokuja Kusomea Nyasi, Udongo na Mavi ya Fisi

Mnisamehe mapema kwa mwandiko wangu, na pale nitakapokosea herufi someni tu mtaelewa. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, boma letu lilikuwa nje kidogo ya Kitengela. Mama alikuwa na chumba cha mabati ambacho wanafunzi wa chuo kikuu walilala walipokuja kufanya utafiti. Mimi nilidhani huko chuoni watu husomea udaktari, ualimu na uwakili, basi. Kumbe! Mmoja alichimba udongo akautia kwenye mifuko. Mwingine alichunguza maji ya kisima ajue kwa nini meno yetu ni ya kahawia. Kijana mmoja mpole aliokota mavi ya fisi na kuyaanika karibu na jiko letu.

“Na mama yako anajua ulichotumwa kusoma?” mama alimuuliza.

“Anajua, mama. Lakini majirani amewaambia ni udaktari.”

Nilicheka nikiwa nimejificha nyuma ya mlango. Wageni walinitia haya.

Kisha akaja msichana kutoka magharibi mwa nchi, mtoto wa mwalimu, aliyesomea nyasi. Tulilala kitanda kimoja, akaniambia shida yake. Alihitaji nyasi za mahali ambapo ng’ombe hawajalishwa. Asipozipata kabla hazijakauka, angerudia mwaka mzima. Na kwetu palikuwa na mahali pamoja tu kama hapo: malisho ya ndama ya mzee jirani, yaliyozungushiwa miiba yasiliwe mpaka kiangazi. Mzee alikuwa ameapa mwanafunzi hataingia tena, kwa sababu yule wa udongo aliacha shimo wazi na ndama akavunjika mguu.

Tulienda kumwomba asubuhi, hatukumkuta. Mwenzangu akachungulia kwenye miiba, akaona nyasi zimefika magotini, akajisahau. Alipenya ndani na kung’oa shada zima na mizizi yake. Nilitaka kumwambia atoke lakini haya zikanishika.

Mzee akatokea na fimbo.

“Wewe! Nani amekufungulia? Unataka kunimalizia ndama?”

Msichana aliinua mikono kwa woga, shada likiwa bado mkononi. Mzee akasimama palepale. Kwetu, mtu akikuinulia nyasi anaomba amani, na huwezi kumpiga. Msichana hakujua hilo. Nikaona vidole vyake vinaanza kulegea ili azitupe chini.

“Usiangushe!” nilipiga kelele. “Shika hivyo hivyo!”

Sikuwa nimewahi kupaza sauti mbele ya mzee. Alinigeukia.

“Nakerai, mtoto wangu, huyu anajua maana ya kile ameshika?”

Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha. Nikaangalia miguu yangu.

“Hapana, mzee. Hajui. Lakini ameshika.”

Mzee akashusha fimbo. “Ni kweli. Ameshika.” Akamuuliza msichana, “Unasomea nini wewe?”

“Nyasi, mzee.”

“Nyasi tu? Na ng’ombe anayekula hizo nyasi?”

“Ako na mtu wake, mzee. Na kupe wa huyo ng’ombe pia ako na wake.”

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. “Hiyo shule yenu imegawana ng’ombe kama nyama ya sherehe!”

Alimruhusu, ila kwanza tukajaze lile shimo la mwenzake wa udongo. Tulishinda huko na jembe moja, tukipokezana. Kesho yake mzee mwenyewe alitembea naye, akimtajia kila nyasi jina lake kwa Kimaa, lugha yetu, na ng’ombe anaipendea nini. Msichana aliandika yote, akazilaza nyasi katikati ya magazeti kama watoto wanaolala.

Baada ya miezi mingi barua ikaja. Kazi yake ilikubaliwa, na maneno ya mzee yalikuwa ndani. Nilimsomea mzee barua hiyo mara tatu. Ya tatu aliwaita wake zake waje wasikie. Kisha akaniambia, “Sasa waulize hao wengine wanasoma nini.”

Ndiyo sababu nimeandika. Wewe uliye chuoni, niandikie unasomea nini, hata kiwe kidogo kama kupe. Mzee anangoja, na mimi pia.