Mtoto wa Mapendo, Niliyempima na Nguo

Kiangazi cha mwaka wa 1964 nilipoteza mtoto mmoja wa kijiji cha Makobola. Hakuwa wa tumbo langu. Alikuwa wa kazi yangu, na kosa lilikuwa langu.

Kazi hiyo niliianza mwaka wa uhuru wa Kongo, katika materinite moja ya Uvira, yaani hospitali ya wazazi. Nilikuwa na darasa la sita tu. Siku ya kwanza Sista Msimamizi alinipa mizani ya kuning'iniza, yenye kulabu na kitambaa cha kumlazia mtoto. Nilitakiwa kuwafuata nyumbani watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, baada ya kuruhusiwa kutoka. Nilizunguka mitaa ya Songo na Kasenga kwa miguu. Niliangalia kama kitovu kimekauka, nikakaa mpaka nione mtoto ananyonya na kumeza, kisha nikampima. Asiyeongezeka uzito alirudishwa materinite siku ileile.

"Umuvue nguo zote," Sista aliniambia. "Akilia, muache alie. Weye unapima mutoto, haupimi nguo."

Sista aliporudi kwao, tulisimamiwa na Enfirmie Mkuu, muuguzi Mkongo mwenzetu. Yeye alinituma Makobola pia, mara moja kwa juma. Waasi waliopigana na serikali walipoingia mwaka ule wa 1964, waliweka bariere ya ukaguzi barabarani, na jioni waliifunga. Mimi walinipitisha kwa karatasi ya kazi.

Mapendo, mmoja wa wazazi niliowafuata, alikuwa Makobola kwa mama yake. Mume wake, karani wa serikali, alikuwa amekimbia, na waasi walitafuta jamaa za watu wa serikali. Mtoto wao alizaliwa wa miezi saba. Katika ziara yangu ya pili nilifika nimechelewa. Mapendo alimleta amefungwa vizuri kwa kitenge, akaniomba nisimwamshe. Nilitazama jua, nikaiogopa bariere. Nikampima hivyohivyo, nikatoa uzito wa kitenge kwa kukisia, nikasema ameongezeka. Alinishukuru kwa sauti ndogo.

Juma lililofuata mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Nilipomfungua, niliona pindo la kitenge kilekile limeshonwa nene. Ndani mlikuwa na mawe madogo ya ziwani.

"Ungemurudisha Uvira," Mapendo alisema kabla sijauliza. "Pa bariere wangeniuliza baba yake. Minye naogopa, Mama."

"Na minye niliogopa. Ndiyo maana sikumuvua."

Mama yake alikuwa anamenya mihogo. "Munaogopa wawili," alisema, "na anayekonda ni mutoto."

Nilimfunga mtoto mgongoni mwangu. Mapendo alitangulia na kikapu cha mihogo kichwani, kama mchuuzi asiyenijua. Kwenye bariere mlinzi mwenye ndevu aliuliza mtoto ni wa nani. Nikasema ni wangu. Alicheka.

"Mama, weye unatembea kupima ya wenzako, na ya kwako iko kadogo hivi?"

Akatupitisha.

Materinite tulimpa maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa, kwa mpira mwembamba uliopita puani. Siku ya tatu alikufa. Tulimzika Uvira, kwa sababu hatukuweza kumrudisha kwao.

Enfirmie Mkuu alinishauri niandike kwamba mtoto alichelewa kuletwa. Vita inatosha kuwa sababu, alisema. Niliandika: nilimpima na nguo. Alisoma, akatia sahihi.

Niliendelea na kazi hiyo, mjini na vijijini, mpaka pensheni. Wauguzi wa leo wana mizani bora kuliko yangu, sina mengi ya kuwafundisha. Mama akikuficha kitu, muulize anaogopa nini kabla ya kumgombeza. Nawe ujiulize hivyohivyo. Wengi niliowafuata walikua. Wananisalimia njiani, nami siwatambui tena, na hilo linanifurahisha.

Kesho yake baada ya mazishi ya mtoto wa Mapendo nilirudi Makobola, kwani nilikuwa na watoto wengine wa kuangalia. Mapendo alitangulia tena na kikapu. Mlinzi yule alitazama mgongo wangu.

"Mama, mutoto iko wapi?"

"Amekufa."

Alivua kofia. Aliwaita wenzake waliokuwa wamekaa kivulini, nao wakaja, wakanipa pole mmoja baada ya mwingine, wakinishika mkono.

Mapendo alikuwa amesimama hatua chache mbele yangu, na kikapu kitupu kichwani. Yeye walimwambia aharakishe, anaziba njia.